Wanaosema cheti cha seva ya nyumbani hakifai Lubumbashi wamekosea

Seva ndogo ya nyumbani haikuingia Lubumbashi kwa ajili ya kuwasha taa kwa sauti. Iliingia kwa ajili ya betri. Mtu aliyefunga paneli za jua juu ya paa lake pale Golf au Bel-Air, akaweka inveta na betri za lithiamu, anataka akiwa kazini Likasi ajue betri zimebaki na nguvu kiasi gani, umeme wa shirika la SNEL umerudi saa ngapi, na pampu ya kisima cha forage imejaza tangi au bado. Kwa hiyo kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huwekwa karibu na inveta, ikiwa na Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Baada ya betri huja kamera, kisha taa za uani, kisha geti.

Mpaka hapo kila mtu ana hamu. Hamu hupungua likitajwa suala la cheti cha usalama, yaani ile hati ya kidijitali inayokiwezesha kivinjari kujua kwamba kinaongea na seva yenyewe, na inayofunga mazungumzo yao yasisomwe njiani. Hapo mafundi na wenye nyumba hutoa sababu za kukiacha, na sababu hizo nimezisikia vya kutosha kutaka kuzijibu moja moja. Nyingi hazina msingi. Zipo zenye ukweli ndani yake, na hizo ndizo nitakazokaa nazo muda mrefu.

Ya kwanza ni hii: "Nyumba yangu si benki, nina nini cha kuibiwa?" Home Assistant ikifungwa bila kubadilishwa chochote husikiliza kwenye porti 8123 kwa HTTP tupu. Nywila unayoandika husafiri ilivyo, herufi kwa herufi. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi, anayesimamia mtambo wa katikati anaweza kuisoma, naye akishaisoma ameingia kwako. Tazama basi kilicho nyuma ya nywila hiyo. Seva inajua simu ya baba iko nyumbani au imetoka, na ya mama vilevile. Inajua geti lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Ina picha za uani, na ina kitufe cha kufungua geti lenyewe. Benki haina habari hizi. Anayepanga kuja usiku hahitaji kujua salio lako. Anahitaji kujua nyumba haina mtu, na seva isiyofungwa vizuri inamjibu swali hilo kila saa.

Wengine wanakubali hayo, lakini wanasema: "Seva ijitengenezee cheti chake yenyewe, na onyo likitokea kwenye simu, bonyeza tu endelea." Ni kweli kwamba cheti cha kujitengenezea husimba mazungumzo. Hasara yake iko kwa watu. Kivinjari kinapotoa onyo kinasema hakiwezi kumtambua aliye upande wa pili. Ukimfundisha mtoto na mlinzi kulipita onyo hilo kila asubuhi, siku mtu mwingine atakapojipenyeza katikati watalipita vilevile, kwa sababu onyo la kweli na la kila siku yanafanana kabisa. Nyumba iliyozoea kubonyeza "endelea" imejinyima dalili pekee ambayo ingeiona. Kubaki kwenye HTTP tupu nako hakusaidii: vivinjari vya kisasa vinazinyima kurasa za namna hiyo maikrofoni, na Chrome imezinyima mahali ulipo tangu 2016.

"Cha bure hakina nguvu, cha kulipia ndicho cha kuaminika." Dai hili lina mizizi mirefu katika mji wetu, ambako kitu cha bei rahisi sokoni mara nyingi kimekuwa kitu kibovu. Lakini vyeti havifuati desturi ya soko. Kinachopimwa ni kama kivinjari kinamtambua aliyekitoa na kama aliyekitoa alihakiki kwamba jina la seva mtandaoni ni lako. Usimbaji wenyewe hufanywa na seva yako na simu yako, na hauongezeki kwa sababu ulilipa dola 50.

Shirika linalotoa vyeti vya bure, Let's Encrypt, linaendeshwa na Internet Security Research Group, taasisi isiyotafuta faida ya Marekani. Miongoni mwa waliosimama nyuma yake tangu mwanzo ni Mozilla, Electronic Frontier Foundation na Chuo Kikuu cha Michigan. Lilitangazwa Novemba 2014, likatoa cheti chake cha kwanza Septemba 2015, na leo linahudumia mamia ya mamilioni ya tovuti. Limewahi kukosea: Februari 2020 liligundua hitilafu katika ukaguzi wake iliyogusa vyeti zaidi ya milioni 3, na likatangaza hadharani. Linganisha na DigiNotar ya Uholanzi, kampuni iliyouza vyeti kwa pesa na kuaminiwa hata na serikali ya nchi yake. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitambo yake wakatoa vyeti bandia zaidi ya 500, kikiwemo cha Google kilichotumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Kampuni haikusema mapema, na Septemba mwaka huohuo ilifilisika. Malipo hayakumlinda mteja hata mmoja.

Nimefika kwenye dai ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu anayelitoa huwa amejaribu. "Nilifuata maelekezo yote, ikashindikana. Kwetu haiwezekani." Na kweli ilishindikana, kwa sababu ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa nyumba za Ulaya hayaitaji.

Njia inayofundishwa mara nyingi ni ya HTTP. Seva yako inaomba cheti, Let's Encrypt inaipa siri fupi, seva inaiweka mahali maalumu, kisha Let's Encrypt inakuja kutoka nje, kupitia porti 80, kuisoma. Ikiikuta, inakubali kwamba jina ni lako. Sasa, wengi wetu tunapata intaneti ya nyumbani kupitia rauta yenye laini ya Vodacom, Airtel au Orange. Kampuni za simu hazina anwani za IPv4 za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kama nyuma ya ukuta mmoja. Fungua ukurasa wa rauta yako uone anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya ukuta huo, na hakuna mgeni kutoka nje atakayeifikia porti 80 yako hata ukiifungua mara ngapi. Hata Starlink, iliyopata leseni nchini Mei 2025 baada ya kukatazwa mwaka uliotangulia, huwaweka wateja wake wa kawaida katika hali hiyohiyo kwa upande wa IPv4.

Lakini kushindwa kwa njia moja hakufanyi njia zote zishindwe. Utaratibu wa kuomba vyeti, uitwao ACME, uliosanifiwa rasmi mwaka 2019 kwa jina la RFC 8555, una njia ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani), ambayo kwangu ndiyo njia ya Lubumbashi. Hapa Let's Encrypt haiji nyumbani kwako hata kidogo. Inasema: kama jina ni lako, andika maneno haya kwenye rekodi ya DNS ya jina hilo. Seva yako inatoka nje yenyewe, inaandika rekodi ya aina ya TXT chini ya _acme-challenge, Let's Encrypt inaisoma kwa wasimamizi wa DNS, na cheti kinatolewa. Mawasiliano yote yanaanzia ndani kwenda nje, kama unavyofungua WhatsApp. Hakuna porti ya kufungua, hakuna anwani ya umma ya kununua, na data inayotumika ni chache mno.

Asiye na jina lake anaweza kupata la bure kwa DuckDNS, huduma inayokubali kuandikiwa rekodi ya TXT. Home Assistant ina nyongeza ya DuckDNS inayofanya kazi yote hii peke yake: unaweka jina, unaweka tokeni, unakubali masharti, unasubiri. Mwenye jina la kulipia achague msajili ambaye DNS yake inaandikika kwa programu. Na anayejaribu kwa mara ya kwanza atumie seva ya majaribio ya Let's Encrypt, kwa sababu ile ya kweli ina mipaka: majaribio matano yakishindwa ndani ya saa moja, jina hilo linasubirishwa.

Jina hilo linaweza kuelekezwa kwenye anwani ya ndani ya nyumba, tuseme 192.168.1.50. Watu hushangaa, lakini cheti hufungwa kwenye jina, si kwenye anwani. Simu iliyo sebuleni inaita jina, inafika kwenye seva, kufuli linatokea bila onyo. Baadhi ya rauta hukataa majibu ya DNS yanayoelekeza kwenye anwani za ndani, na hapo itabidi uiruhusu rauta kwa jina hilo moja.

Nusu ya dai la "kwetu haiwezekani" inabaki kuwa kweli: cheti hakikupi njia ya kuingia nyumbani ukiwa Likasi. Hiyo ni kazi nyingine, na kwa aliye nyuma ya ukuta wa kampuni ya simu hufanywa kwa VPN au kwa huduma inayopitisha mawasiliano katikati. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kufungua porti zisizohitajika, halafu analaumu cheti.

Dai linalofuata linatoka kwenye maisha yetu yenyewe. "Cheti cha siku 90, katika mji ambao umeme unakatika kila siku na rezo inapotea? Kitakufa wiki ya kwanza." Watu wanaosema hivi wanakumbuka. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu tarehe 20 Januari 2019. Takriban siku 20. Hakuna anayefunga seva Kongo aliye na haki ya kupanga kana kwamba siku hizo hazikuwepo.

Basi tupige hesabu. Programu za kuhuisha hazisubiri siku ya 90. Huanza kujaribu zikibaki siku 30 hivi, na zikishindwa leo hujaribu tena kesho, bila kuambiwa na mtu. Chukua nyumba yenye bahati mbaya kuliko zote, ambayo zamu yake ya kuhuisha iliangukia siku ileile intaneti ilipokatwa. Siku 20 baadaye intaneti inarudi, na cheti bado kina siku 10 hivi za uhai. Programu inahuisha jioni hiyohiyo. Mgao wa umeme wa saa nane au hata siku mbili hauwezi kugusa hesabu hii. Kinachokufa kweli ni cheti cha kulipia cha mwaka mzima, kile ambacho fundi alikiweka kwa mkono na kila mtu akakisahau. Na asitegemee barua pepe ya kumkumbusha: Let's Encrypt iliacha kutuma barua hizo Juni 2025.

Hapa nawapa wapinzani haki yao. Hesabu inabadilika. Aprili 2025 CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari, lilipitisha uamuzi wa kufupisha maisha ya vyeti vyote vya umma, vya bure na vya kulipia: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Theluthi ya siku 47 haifiki 16. Ukatikaji kama ule wa 2018 ungekula akiba hiyo yote. Waliopiga kura hiyo walikuwa na sababu nzuri, maana cheti kilichoibwa kikiishi muda mfupi madhara yake nayo ni mafupi, lakini mtu wa Lubumbashi atalipa gharama ambayo mtu wa London hataijua. Kwa hiyo anayefunga leo aiweke programu ihuishe mapema kadiri inavyoruhusu, na avikwepe vyeti vya siku 6 ambavyo Let's Encrypt imeanza kuvitoa. Anayetaka kutotegemea mtu wa nje anaweza kujiundia mamlaka yake ya vyeti ndani ya nyumba kwa programu kama step-ca, kwa sharti kwamba ataingiza hati ya mamlaka hiyo kwenye kila simu ya familia. Kwa nyumba yenye simu tatu ni kazi ya jioni moja. Kwa nyumba inayopokea wageni kila wiki ni adha.

Intaneti ikikatika, tatizo la kwanza huwa ni jina. Cheti kiko hai, seva inafanya kazi, inveta inatoa takwimu, lakini simu iliyo sebuleni inauliza DNS ya nje "jina hili liko wapi?" na hakuna anayejibu. Mtu anahitimisha kwamba cheti kimeharibu nyumba yake. Dawa ni kuiandikia rauta jina hilo na anwani yake ya ndani, au kuweka programu ya DNS kwenye seva hiyohiyo, ili jibu litoke ndani ya ukuta. Jambo hili linaachwa kwa sababu fundi hujaribu kazi yake intaneti ikiwepo, akalipwa akaondoka. Mwenye nyumba aombe waya wa intaneti uchomolewe mbele yake kabla ya kulipa.

Saa nayo iangaliwe. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri. Zikizimika, huendelea kuhesabu kutoka muda wa mwisho zilioukumbuka mpaka zipate intaneti ya kurekebisha. Saa chache za upungufu hazidhuru. Kifaa kilichokaa kabatini miezi kadhaa kikaamka bila intaneti ndicho kinachochelewesha kuhuisha na kuvikataa vyeti vya wengine. Kipande kidogo cha saa cha DS3231 chenye betri kinamaliza tatizo hilo kwa pesa kidogo.

Simu za zamani zinastahili mistari yake, maana nyumbani kwetu si kila mtu ana simu mpya. Android iliyo chini ya 7.1.1 haimtambui mzizi wa Let's Encrypt, unaoitwa ISRG Root X1, na mpango wa muda uliokuwa ukizisaidia uliisha Septemba 2024. Ukimfungia bibi mfumo huu, angalia toleo la simu yake kwanza.

Upande wa pili wako waliokubali kupita kiasi. "Kufuli limeonekana, basi tumemaliza usalama." Hapana. Cheti kinathibitisha jina na kufunga njia. Nywila ya "123456" iliyosimbwa vizuri inabaki 123456, na kamera yenye programu ya miaka mitano iliyopita inabaki na matundu yake. Tena cheti cha umma kinaongeza jambo moja la kuangalia. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari za wazi ambazo yeyote duniani anaweza kuzisoma, na roboti huzisoma mchana na usiku. Usiite seva yako kwa jina la familia na la mtaa. Jina lisilo na maana linatosha, au chukua cheti cha nyota, kinachofunika majina yote yaliyo chini ya jina moja bila kuyataja. Hicho nacho hutolewa kwa njia ya DNS tu.

Limebaki la wenye nyumba: "Haya ni mambo ya fundi." Jina la seva, akaunti ya DNS na tokeni yake vikiwa kwenye barua pepe ya fundi, nyumba yako iko mikononi mwa mtu ambaye mwaka ujao atakuwa Kolwezi kwenye mgodi. Anayeshika DNS ya jina anaweza kuomba cheti halali kwa jina hilo, maana ndivyo njia niliyoisifu inavyofanya kazi. Nchi yetu ilipata mfano wake. Mwishoni mwa 2020 jina scpt-network.com, mojawapo ya seva za majina zilizoorodheshwa kusimamia kikoa chote cha .cd, liliachwa likaisha muda. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, aliliona likiwa huru akalinunua kabla halijaangukia mikono mibaya, akawaarifu wasimamizi, na Januari 2021 akaeleza hadharani kwamba aliyelishika angeweza kuyajibu takriban nusu ya maulizo yote yanayoelekezwa .cd. Benki, ofisi, magazeti, wote wenye jina linaloishia .cd walikuwa katika hatari hiyo kwa sababu jina moja halikulipiwa kwa wakati.

Akaunti ya jina la nyumba yako iwe kwa barua pepe yako, na malipo yake, kama yapo, yatoke kwako. Tokeni iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za kiwanja. Fundi apewe tokeni hiyo kwa siku ya kazi, na akishaondoka uibadilishe kwenye ukurasa wa DuckDNS, uandike mpya ndani ya Home Assistant, kisha uhuishe cheti mara moja ukiwa umekaa mbele ya skrini uone kimehuishwa.